Mwongozo kamili: jinsi ya kupanga somo la marudio la Kiingereza ambalo wanafunzi watashiriki kweli

Malalamiko ni yaleyale kila muhula. Nimerudia mada yote, nimeandika noti upya ubaoni, darasa zima likaitikia yes teacher, mtihani ukaja wakaandika did you went. Alafu lawama zinaenda kwa wanafunzi eti hawasomi. Ukiukagua ule mpango wa somo tatizo unaliona mapema tu, mwalimu kaongea sehemu kubwa ya kipindi na wanafunzi wamenakili kitu walichoshanakili mwezi uliopita. Hayo siyo marudio, ni somo lilelile limefundishwa mara ya pili tena kwa haraka zaidi.

Mwongozo huu unashikilia kanuni moja mpaka mwisho: kwenye marudio mwanafunzi ndo anatakiwa atoe kitu kichwani mwake, wewe mwalimu kazi yako ni kuandaa mazingira ya kukitoa. Kila hatua hapa chini ipime kwa hiyo kanuni. Nimechukulia kipindi cha dakika 60 na wanafunzi wa kiwango cha kati, kama wewe una dakika 40 fupisha mazoezi lakini usiruke hatua.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Kazi za wanafunzi za hivi karibuni: insha, majaribio, madaftari ya mazoezi. Hivi ndo muhimu kuliko vyote.
- Karatasi moja ya mpango, ukurasa mmoja, usizidishe.
- Kadi ndogo au karatasi zilizokatwa vipande, kama 40 hivi.
- Karatasi ya manila na selotepu, au ubao wa kawaida tu.
- Kitu cha kupima muda, simu inatosha.
- Bahasha au boksi dogo la kutunzia kadi.

Projekta siyo lazima, programu za maswali kwenye simu siyo lazima. Kama unazo tumia, ila nimeona masomo mengi yanakufa pale intaneti inapokata dakika ya kumi na mwalimu hana mpango mwingine.

## Hatua ya 1: Kusanya makosa yao, usikisie

Chukua kazi kama 20 za wanafunzi, soma na kalamu mkononi, kila kosa linalojirudia liwekee mstari kwenye karatasi yako. Ukimaliza utaona mistari imejaa sehemu tatu nne tu, na mara nyingi siyo zile ulizodhani. Walimu wengi wanapanga marudio kwa kufuata mpangilio wa kitabu, sura ya kwanza mpaka ya sita, matokeo yake muda mwingi unaliwa na vitu ambavyo darasa linavijua tayari.

Wakati unahesabu tenganisha kuteleza na kutokujua. Mwanafunzi aliyeandika he go mara moja na he goes mara tano huyo kateleza, anaijua. Aliyeandika he go kila mahali huyo hajui, au anajua sheria ila haijamwingia kwenye matumizi. Marudio yanapangwa kwa ajili ya hao wa pili.

Kwa wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili angalia sana a, an na the, pamoja na he na she, kwa sababu lugha yetu haina vitu hivyo na mtoto anavisahau hata akiwa darasa la juu. Alafu angalia mpaka kati ya past simple (I saw) na present perfect (I have seen), hapo ndo wengi wanapozama.

Utajua umefanikiwa kama unaweza kutaja makosa makuu ya darasa lako bila kuangalia kitabu, na una sentensi halisi walizoandika wenyewe. Hizo sentensi zitunze, utazihitaji hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Chagua malengo mawili, yakizidi sana matatu

Najua inauma, mtihani umekaribia na mada ziko kumi na mbili. Lakini kipindi kimoja kinachogusa mada kumi na mbili kinamwacha mwanafunzi na kizunguzungu. Chagua yale yenye mistari mingi.

Andika lengo kwa kitu unachoweza kukiona au kukisikia. "Wanafunzi waelewe present perfect" hilo haliwezi kupimwa. Andika hivi: "kila mwanafunzi atamuuliza mwenzake mambo aliyowahi kufanya kwa present perfect, alafu ataeleza lini ilitokea kwa past simple, bila kusoma popote." Lengo la aina hii lina faida nyingine, linakwambia lenyewe zoezi gani utumie.

Onyo: ukijikuta umeandika "kukumbusha" au "kupitia" kwenye mpango futa, maana maneno hayo yanakurudisha kwenye kuongea peke yako.

## Hatua ya 3: Anza na madaftari yamefungwa

Dakika 7 za kwanza, kila kitu kimefungwa. Mpe kila mmoja karatasi, aandike anachokumbuka kuhusu mada: maneno kumi, au sentensi tano, au sheria kwa maneno yake mwenyewe. Dakika tatu za ukimya, alafu wawili wawili walinganishe na kuongezeana kwa kalamu ya rangi nyingine. Mwisho kabisa ndo wafungue daftari wahakiki.

Kwanini hivi? Kitendo cha kuvuta kitu kutoka kwenye kumbukumbu ndicho kinachokikaza. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma tena habari na waliojaribu kuikumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele, ila baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Sasa fikiria mtihani wako uko lini, ni baada ya dakika 5 au baada ya wiki kadhaa? Ndo maana darasa linaweza kuitikia vizuri sana kwenye marudio alafu likafeli, kusoma tena kunampa mtu hisia kwamba anajua.

Onyo: usiweke maksi hapa. Ukiweka maksi watachungulia, na wale wanyonge wataacha karatasi tupu kwa uoga. Waambie wazi kwamba pengo lililobaki kwenye karatasi ndo kitu cha kufanyia kazi leo.

Mafanikio yanaonekanaje: kutakuwa na kunung'unika kidogo, watu wanaangalia dari, mmoja anasema "hii naijuaga lakini imenitoka". Hiyo ndo sauti unayoitaka. Kukiwa na utulivu wa raha sana ujue swali lilikuwa jepesi.

## Hatua ya 4: Tafuta zoezi linalobeba lengo

Hapa ndo wengi wanapoharibu kwa kuanza na mchezo. Mtu kaona mchezo mzuri mahali, kaupeleka darasani, watoto wamecheka na kurukaruka, lugha iliyotumika ni maneno mawili. Kabla ya kuchagua zoezi lolote jiulize: kwenye zoezi hili kila mwanafunzi atatoa sentensi ngapi za lengo? Kama jibu ni moja au sifuri achana nalo hata kama linafurahisha namna gani.

Haya manne nayaamini.

### Mnada wa sentensi

Huu ni kwa ajili ya sarufi. Gawa darasa timu za watu wanne, kila timu ina pointi 1000. Unaandika sentensi ubaoni, nyingine sahihi nyingine zina kosa, timu zinajadiliana alafu zinanunua kwa mnada zile wanazoamini ni sahihi. Lengo la kila timu ni kumaliza na sentensi sahihi nyingi. Ukinunua yenye kosa pointi zimepotea, ila ukiweza kuirekebisha vizuri unarudishiwa nusu.

Mfano wa seti ya present perfect, past simple na a/an:

1. I have seen him yesterday.
2. She has lived here since 2019.
3. Did you went to the market?
4. He is an honest man.
5. My sister studies at an university.
6. I have never been to London.
7. They have finished the work two hours ago.
8. We didn't see her last week.

Sahihi ni 2, 4, 6 na 8. Namba 4 na 5 nimeziweka makusudi kwa sababu zinawalazimisha wasikilize sauti badala ya kuangalia herufi: honest inaanza na sauti ya irabu japo imeandikwa na h, university inaanza na sauti ya y japo imeandikwa na u. Namba 1 na 7 zinagongana na jambo moja, muda uliotajwa na kwisha haukai na present perfect. Ukishapata uzoefu toa sentensi zangu uweke zile ulizokusanya hatua ya 1, ila badilisha kidogo ili mwenye sentensi asijulikane.

Uzuri wa mnada huu uko kwenye yale majadiliano kabla ya kununua. Watoto wanabishana kuhusu sarufi kwa hiari yao. Kwa hiyo wape dakika nzima ya kujadili kila sentensi, usikimbilie kupiga nyundo. Na kila timu iwe na msemaji anayebadilika, la sivyo yule mjuaji mmoja atanunua zote peke yake.

### Imla ya kukimbia

Bandika maandishi mafupi ukutani mbali na madawati. Wawili wawili, mmoja mkimbiaji mwingine mwandishi. Mkimbiaji anakwenda, anasoma, anakariri kipande, anarudi kumsomea mwenzake, anaenda tena. Katikati wanabadilishana. Kusoma, kuongea, kusikiliza na kuandika vyote vinafanyika ndani ya dakika 12.

Maandishi yabebe lengo lako. Kwa mfano: My brother left home in 2018. He has worked in three cities since then. Last year he bought a house, but he has never slept in it. Wakimaliza kuandika kazi haijaisha, wapigie mstari vitenzi na waelezane kwanini kila kimoja kiko vile. Ukiishia kwenye kunakili umefanya riadha tu.

Darasa likiwa limebanana wanatembea, hawakimbii, na nakala za maandishi ziwe tatu nne kuta tofauti.

### Mtafute aliyewahi

Kila mmoja ana karatasi yenye mambo sita: ride a camel, break a bone, lose a phone, cook for ten people, na kadhalika. Anazunguka akiuliza Have you ever ridden a camel? Akipata ndiyo anaendelea kuchimba, When did you ride it? Were you afraid? Hapa kuhama kutoka present perfect kwenda past simple kunatokea kwenyewe kwa sababu mazungumzo yanadai hivyo, na ndo maana zoezi hili nalipenda kuliko kujaza mapengo ishirini.

Karatasi uiandike kwa vitenzi vya asili kama nilivyofanya juu, ride na break, siyo ridden na broken. Ukiwaandikia umbo la tatu umeshawafanyia kazi.

### Mgongo ubaoni

Kwa msamiati. Mtu mmoja wa timu anakaa ameupa ubao mgongo, unaandika neno nyuma yake, wenzake wanamweleza kwa Kiingereza bila kulitaja mpaka alipate. Ni rahisi, ila usizidishe dakika 8, baada ya hapo linageuka kelele.

Onyo kwa mazoezi yote: maelekezo yako yawe mafupi kuliko zoezi, na onyesha mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya wote. Kuuliza "mmeelewa?" hakukupi taarifa yoyote, watasema ndiyo. Uliza "nani anaandika? mna dakika ngapi?"

## Hatua ya 5: Chomekea vya zamani

Kwenye kila zoezi, karibu robo ya maswali yatoke kwenye mada za zamani, za mwezi uliopita au hata muhula uliopita. Wanafunzi wakijua leo ni present perfect tu, wataweka have kila mahali na watapata, bila kufikiria. Ukichanganya wanalazimika kuamua kwanza hili ni swali la aina gani, na kwenye mtihani hakuna mtu atawaambia. Alama zitashuka mwanzoni, usishtuke wala usirudi nyuma.

## Hatua ya 6: Panga dakika, na panga nani anaongea

Mgawanyo wangu wa dakika 60 uko hivi:

- Dakika 7: kukumbuka na daftari limefungwa
- Dakika 15: zoezi la kutambua makosa, mfano mnada
- Dakika 18: zoezi la kutumia lugha wakiongea
- Dakika 12: kusahihisha na kujaribu tena
- Dakika 8: swali la kutokea, yaani swali fupi ambalo kila mmoja analijibu kwenye karatasi kabla hajatoka

Ukihisi muda hautoshi kata hiyo 15, kamwe usikate 18 wala 12.

Ukiuliza swali, nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe aliandika mwaka 1974 kwamba walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia mwanafunzi mwingine au kujibu wenyewe, na wakisubiri angalau sekunde 3 majibu yanakuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi wanajitokeza. Kwa anayejifunza lugha hizo sekunde ni muhimu zaidi maana ana kazi mbili, kutafuta jibu na kutafuta maneno ya kulisema. Mimi nashauri hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, alafu waongee wawili wawili kwanza ndo umwite mtu kwa jina. Mwenye aibu akishalisema jibu kwa mwenzake hawezi kushindwa kulirudia mbele za watu.

Darasa kubwa la watu 60 au 70? Mazoezi yote haya yanawezekana, ila vikundi vya wanne vikae kwa kugeuza dawati la mbele kuangalia la nyuma, na kila kikundi kiwe na mtunza muda wake. Darasa lenye viwango tofauti wape zoezi lilelile ila msaada tofauti: dhaifu anapata orodha ya vitenzi pembeni, mwenye uwezo haruhusiwi kutumia kitenzi kimoja mara mbili. Usimpe dhaifu zoezi la kitoto, anajua, na anaumia.

## Hatua ya 7: Sahihisha kwa wakati wake

Wanapoongea kwenye zoezi la dakika 18 usikatize. Zunguka na karatasi, sikiliza, andika. Mtu akikatizwa kila sentensi anajifunza kunyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza hakuna utakachomsahihisha.

Zoezi likiisha andika ubaoni sentensi sita ulizozisikia, tatu nzuri na tatu zenye kosa, bila majina. Wawili wawili watafute zipi ni zipi na warekebishe. Zile nzuri zina kazi kubwa, zinaonyesha kwamba darasani kuna mtu anaweza.

Matamshi yaingie hapa pia maana yanasahaulika sana. Mwisho wa -ed una sauti tatu: worked inaishia na t, played inaishia na d, na wanted pamoja na needed zinaongeza silabi nzima, id. Wanafunzi wengi wanaisoma -ed yote kama silabi, work-ed, play-ed. Sheria ni fupi, silabi inaongezeka pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d. Wape kadi 12 za vitenzi wazipange kwenye makundi matatu huku wakitamka kwa sauti.

Alafu, na hii ndo sehemu inayorukwa kuliko zote, warudie kipande cha zoezi na mtu mwingine kwa dakika nne. Kusahihishwa bila kupata nafasi ya kujaribu tena ni kama kuonyeshwa njia alafu ukazuiwa kupita.

Mafanikio: kwenye mzunguko wa pili utasikia mtu anajikatiza mwenyewe, "I have see... I have seen". Ukisikia hiyo mara tatu nne hatua hii imefika.

## Hatua ya 8: Swali la kutokea, alafu kalenda

Dakika 8 za mwisho kila mwanafunzi anaandika peke yake sentensi mbili: kitu alichowahi kufanya, na lini alikifanya. Hakuna kusaidiana, hakuna daftari. Kusanya mlangoni.

Usizisahihishe moja moja usiku kucha. Zipange mafungu matatu: kapata, kakaribia, bado. Fungu la bado likiwa zaidi ya theluthi ya darasa, lengo hilo linarudi kipindi kijacho kwa zoezi jingine tofauti. Likiwa na watu watano, wape hao dakika kumi pembeni wakati wengine wanafanya kazi, darasa liendelee.

Kisha chukua zile kadi, andika makosa ya leo kama maswali, swali mbele jibu nyuma, weka kwenye bahasha. Kwenye kalenda yako andika lini zitatolewa tena: baada ya siku mbili, baada ya wiki, baada ya mwezi. Kila mara ni dakika tano tu mwanzo wa kipindi. Kadi ambayo darasa linaijibu bila kusita isogeze mbele kwenye tarehe ya mbali, iliyowashinda irudi kwenye siku mbili.

## Ikigoma, angalia hapa kwanza

Wanaongea lugha yao muda wote. Mara nyingi hawana maneno ya kuendeshea kazi yenyewe. Bandika ukutani It's your turn, I don't agree, What did you write?, Say it again please, na uwafanyishe mazoezi ya hizo kabla ya zoezi.

Wachache ndo wanajibu. Acha kuuliza wanaonyoosha mikono. Andika majina kwenye vijiti au karatasi uchomoe, ila baada ya muda wa kufikiri na wa kuongea wawili wawili.

Wamefurahi ila swali la kutokea wamekosa. Rudi hatua ya 4 uhesabu tena sentensi. Karibu kila mara mchezo ulikula muda na lugha ya lengo haikutumika.

Wanapatia darasani, wanakosea kwenye insha. Zoezi la kuongea peke yake halitoshi kwa mtihani wa kuandika. Kipindi kinachofuata chukua yale mambo sita ya "mtafute aliyewahi", kila mmoja aandike aya moja kuhusu mwenzake aliyemhoji, abadilishane na jirani, na jirani apigie mstari vitenzi tu bila kusahihisha. Mwandishi ndo anaamua abadilishe kipi na kipi akiache, alafu anakuletea wewe aya ikiwa imeshapita mikono miwili.